Koili Inayokufa Kila Mara: Kinachoiua Kiko Nje Yake

Ukipita kwenye gereji za Ngamiani au Makorora hapa Tanga, kesi hii hutaikosa. Gari linamisi, yaani silenda moja inakosa kuwaka kwa zamu yake, fundi kabadilisha koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche), gari likatulia wiki kadhaa, kisha likarudi vilevile, na mara nyingi ni silenda ileile. Mwenye gari anaanza kuamini kwamba dukani kauziwa feki. Fundi naye anaanza kuamini kwamba gari lina mkosi. Ni kweli koili feki zipo, na nitazifikia. Lakini koili inayokufa mara kwa mara huwa inauawa na kitu kingine, na kitu hicho kinaweza kupatikana kwa tochi, multimita, fila geji (bapa za kupimia pengo) na uvumilivu kidogo, kabla hujatoa hela ya koili nyingine.

Tuanze na kazi ya koili yenyewe, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Betri inatoa volti 12. Cheche ya kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli inahitaji maelfu ya volti. Ndani ya koili kuna waya wa aina mbili uliozungushwa kwenye kiini cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko mia kadhaa, na mwingine mwembamba mno wenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri unapita kwenye waya mnene kwa milisekunde chache tu na kujenga usumaku. Kisha ignaita, yaani swichi ya kielektroniki ya koili, inaukata ghafla. Usumaku unaporomoka, na kuporomoka kwake kunazaa umeme mkubwa kwenye waya mwembamba. Umeme huo unashuka kupitia springi iliyo ndani ya mpira wa koili, unafika kwenye plagi na kuruka pengo.

Sasa hapa ndipo kwenye kiini cha jambo lote. Koili yenye uwezo wa kutoa volti 30,000 haitoi volti 30,000 kila inapopiga. Volti zinapanda mpaka zifikie kiwango cha kuruka pengo la plagi, basi, cheche ikishatokea zinashuka. Anayeamua koili ifanye kazi nzito kiasi gani ni plagi, pamoja na hali ya ndani ya silenda. Plagi mpya yenye pengo sahihi inaomba kidogo. Plagi iliyolika, pengo limepanuka na ncha zimekuwa butu, inaomba zaidi na zaidi, na koili inatii mpaka ifike kikomo cha insuleta yake, yaani kinga inayozuia umeme usitoke. Ikishindwa, umeme unatafuta pa kutokea: unatoboa insuleta ya ndani, au unapita kwenye mpira, au unateleza juu ya kauri ya plagi hadi kwenye bodi ya injini. Ni sawa na hamali wa bandarini anayebebeshwa gunia zito kupita kiasi. Ukimwajiri mwingine na gunia ukaliacha lilivyo, naye atavunjika mgongo.

Piga hesabu ya kazi yenyewe. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silenda inawashwa mara 25 kwa sekunde. Kwa saa moja ya safari hizo ni cheche 90,000 kutoka kwa koili moja. Kwenye gari la zamani zaidi lenye distribyuta, kama Corolla ya injini ya 5A au Starlet ya 4E, koili ni moja kwa silenda zote nne, kwa hiyo inapiga mara 100 kwa sekunde. Kasoro ndogo inayorudiwa namna hiyo haibaki ndogo.

Kabla ya kufungua kitu, msikilize mwenye gari, na umuulize maswali mahususi. Linamisi lini? Likiwa sailensi, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, au likiwa limebeba mzigo? Asubuhi likiwa baridi au baada ya nusu saa ya safari? Baada ya mvua, au baada ya kuoshwa injini? Majibu haya yana thamani kuliko watu wanavyodhani. Misi inayotokea gari likipanda mlima au dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu, huku sailensi ikiwa nzuri, inaelekeza kwenye upande wa moto, yaani cheche na umeme wake. Sababu yake ni hii: ukikanyaga, hewa nyingi inaingia, mbano ndani ya silenda unapanda, na umeme unahitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo lilelile. Misi iliyopo kwenye sailensi na kupotea ukiongeza mafuta huwa mara nyingi ni hewa inayoingia kwa wizi, kwenye paipu iliyopasuka au gasketi ya manifodi. Na misi inayokuja injini ikipata moto, kisha ikapotea gari likipoa, ni tabia ya koili yenye ufa wa ndani: joto likizidi ufa unafunguka, likipungua unafunga. Koili ya namna hiyo ukiipima ikiwa mezani, baridi, inaweza kuonekana nzima kabisa.

Kuna kipimo kimoja kinachopendwa sana na ambacho kinapotosha. Fundi anatoa plagi, anaigusisha kwenye bodi ya injini, msaidizi anapiga stata, cheche inaonekana, na hukumu inatoka hapohapo: moto upo. Lakini hewani, pengo la milimita 1 linahitaji takriban volti 3,000 tu. Ndani ya silenda hali ni tofauti kabisa. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye Vitz, IST na Probox nyingi zilizojaa mjini hapa ina uwiano wa mbano wa 10.5 kwa 1, na hewa iliyobanwa hivyo inakataa umeme mara kadhaa zaidi ya hewa ya kawaida. Koili iliyochoka inaweza kurusha cheche nzuri ya bluu mbele ya macho yako, kisha ikashindwa ndani ya silenda. Kipimo kile kina maana upande mmoja tu: cheche isipoonekana, kuna tatizo. Ikionekana, bado hujajua kitu.

Na tafadhali, usichomoe koili au waya wa plagi injini ikiwa inaunguruma ili uone umeme unaruka umbali gani. Zaidi ya hatari ya kupigwa na kuwashwa kwa mvuke wa petroli, koili iliyokosa pa kutolea umeme wake inapandisha volti hadi mwisho, na hapo ndipo insuleta au ignaita inapoungua. Nimeona koili nzima zikiuawa kwa kipimo hicho. Kama unataka kujua ni silenda gani haifanyi kazi, chomoa soketi ndogo ya nyaya juu ya koili, moja baada ya nyingine, usiiguse koili yenyewe. Silenda ambayo ukiichomolea soketi injini haibadiliki, hiyo ndiyo mvivu. Usiiendeshe injini hivyo kwa muda mrefu, maana petroli isiyoungua inakwenda kwenye masega ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi), inaungulia humo, na masega yakiyeyuka yataziba na gari litakosa nguvu hata baada ya koili kupona. Kwa sababu hiyohiyo, taa ya cheki injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu.

Ukishaijua silenda, hamisha. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Tuseme mashine ya kusomea kompyuta ya gari imesoma P0301, yaani misi kwenye silenda namba 1. Kwenye 1NZ namba 1 iko upande wa mkanda wa alternata. Chukua koili ya namba 1 uipeleke namba 3, ya namba 3 ije namba 1, futa kodi (namba hiyo ya kosa), endesha. Kodi ikihama na kuwa P0303, koili ndiyo mgonjwa. Ikibaki P0301, koili haina hatia: hamisha plagi kwa utaratibu huohuo, kisha nozeli ya petroli, kisha pima kompresheni, yaani mbano wa silenda. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha koili, plagi na nozeli kwa mkupuo anaweza kuliponya gari asijue kaliponyaje, na likirudi anaanza upya.

Hata koili ikithibitika kuwa mgonjwa, kazi haijaisha. Hapo ndipo wengi wanapofunga boneti, na hapo ndipo kesi ya kurudiarudia inapozaliwa.

Angalia plagi kwa makini, juani au kwa tochi kali. Plagi nyingi zinazotumika kwenye injini hizi zina namba 11 mwishoni mwa jina lake, kwa watengenezaji Denso na NGK pia, maana yake pengo la milimita 1.1. Lipime kwa fila geji. Ukikuta limefika 1.4 au 1.5, umeshampata mtuhumiwa wa kwanza. Plagi za kawaida huchoka karibu na kilomita 20,000. Za iridiamu zinaweza kwenda hadi 100,000, lakini gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu hakuna ajuaye plagi zake zina kilomita ngapi. Na plagi ya iridiamu haisuguliwi kwa msasa. Ncha yake ni nyembamba chini ya milimita moja. Ukiisugua umeiharibu, na kesho koili inalipa.

Kisha angalia kauri nyeupe. Mara nyingi utaona utepe wa kahawia ukiizunguka kauri, pale inapokutana na chuma. Huo hauna madhara, ni alama ya umeme mkubwa kuvuta vumbi na mvuke wa mafuta, ingawa mafundi wengi huudhania ni moshi unaovuja. Unachotafuta ni kingine: mstari mwembamba mweusi unaoshuka kutoka juu ya kauri hadi kwenye chuma, kana kwamba mtu kauchora kwa penseli. Jaribu kuufuta kwa kitambaa, hautoki. Hiyo ni njia ambayo umeme umejichimbia kwa kaboni, na kila cheche itakayofuata itapenda kupita hapo badala ya kuruka pengo. Sasa pasua au kunjua mpira wa koili ya silenda hiyo utazame ndani. Utakuta mstari pacha, mahali palepale.

Ukibadilisha koili na kuiacha plagi yenye mstari huo, plagi ya zamani itauharibu mpira mpya, na ukibadilisha plagi ukauacha mpira, mpira utaiharibu plagi mpya. Vitu hivi viwili vinabadilishwa pamoja. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu namba moja ya silenda ileile kurudi na tatizo lilelile, na haihitaji mashine ya kompyuta kuiona.

Mtuhumiwa wa pili ni oili kwenye shimo la plagi. Injini za umri huu zina sili zinazozunguka mashimo ya plagi chini ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Joto la miaka linazifanya ngumu, oili inapenya na kujaa shimoni taratibu. Ukivuta koili ikatoka na mpira unaong'aa kwa oili, umevimba na kulainika, jua kwamba insuleta yake imekwisha. Kuifuta na kuirudisha hakusaidii. Nunua gasketi ya tapeti kava pamoja na sili za mashimo, safisha shimo kabisa kabla ya kufungua plagi ili uchafu usidumbukie kwenye silenda, ndipo uweke koili. Gasketi hiyo ni ya bei ndogo ukilinganisha na koili nne.

Mtuhumiwa wa tatu tunaishi naye: bahari. Nakumbuka Probox moja iliyokuwa ikibeba samaki kutoka soko la Deep Sea, inalala karibu na ufuo, inashinda karibu na ufuo. Ilikuwa inamisi nyakati za unyevu na kutulia jua likiwaka. Soketi ya koili ya tatu kwa nje ilikuwa safi. Ilipochomolewa, pini moja kati ya nne ilikuwa na unga wa kijani, na klipu ya plastiki imevunjika kiasi kwamba soketi ilikuwa inacheza ukiisukuma kwa kidole. Chumvi na unyevu vilikuwa vimeila shaba. Kila gari lilipotetemeka, mgusano ulikatika na kurudi, na ignaita iliyo ndani ya koili haipendi kuwashwa na kuzimwa ovyo namna hiyo. Koili zilibadilishwa, soketi haikuguswa. Dawa ilikuwa soketi nyingine kutoka kwenye waya wa mtumba, viungo vilivyochomwa kwa risasi badala ya kusokotwa, na grisi kidogo ya silikoni kwenye mdomo wa mpira.

Kuosha injini kwa mashine ya presha ni jambo linaloendana na hilo. Maji yanapenya mashimo ya plagi na hayana pa kutokea. Injini ikipata moto yanageuka mvuke chini ya mpira wa koili. Kama lazima uoshe, funika koili, tumia kitambaa na brashi, na baadaye zivute uyakaushe mashimo kwa upepo.

Mtuhumiwa wa nne ni umeme wenyewe. Koili za 1NZ na ndugu zake zina nyaya nne: umeme wa volti 12, ethi (waya unaorudi upande hasi wa betri), waya wa amri kutoka kwenye kompyuta ya gari, na waya wa kurudisha taarifa kwamba cheche imepigwa. Washa swichi, chomoa soketi, pima. Kwenye waya wa umeme upate volti za betri, au karibu sana nazo. Zikipungua kwa zaidi ya nusu volti ukilinganisha na betri injini ikiwa inafanya kazi, kuna upotevu njiani: fyuzi iliyolegea, swichi ya funguo iliyochoka, au, jambo la kawaida sana kwetu, alamu au swichi ya siri iliyofungwa na fundi umeme wa mtaani kwa kukata waya wa igniseni na kuusokota kwa selotepu. Fuata waya huo mpaka mwisho. Ethi nayo ipimwe, kati ya pini yake na nguzo hasi ya betri, injini ikiunguruma: ikizidi sehemu mbili za kumi za volti, safisha mahali ilipofungwa kwenye injini. Kwenye waya wa taarifa utakuta takriban volti 5 zinazotoka kwenye kompyuta. Waya huu mara nyingi unaunganishwa kwa koili zote nne, ndiyo maana koili moja iliyoungua vibaya inaweza kulizima gari zima: kompyuta isipopata taarifa inakata petroli.

Pima pia chaji. Alternata nzima inatoa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikipitiliza 15, koili zinapata moto kuliko zilivyoundwa, na si koili pekee zitakazoumia.

Ukishayapita haya yote bila kukuta kosa, sasa mlaumu muuzaji. Koili feki ipo, na bei yake ndiyo inayojitangaza. Mimi, nikilazimika kuchagua, ningechukua koili ya mtumba ya mtengenezaji halisi iliyotolewa kwenye injini iliyofumuliwa, mpira wake ukiwa mzima na namba zikilingana na yangu, kuliko mpya isiyo na jina. Hata hivyo ya mtumba nayo ina umri, kwa hiyo iwekee mpira mpya ukiupata. Kama koili moja imekufa kwa uzee kwenye gari lililotembea kilomita 200,000, na plagi, oili na nyaya viko sawa, nyingine tatu ziko nyuma yake njiani. Weka akiba ya moja kwenye buti. Kununua zote nne siku moja si lazima.

Magari yanayotoka Dar es Salaam yakiwa yamefungwa mfumo wa gesi asilia yanahitaji jicho la ziada, kwa sababu gesi inahitaji volti kubwa kuwaka kuliko petroli. Plagi iliyochoka ambayo petroli ingeivumilia, gesi haiivumilii. Likimisi kwenye gesi na kutulia kwenye petroli, anza na plagi na pengo lake.

Ukimaliza matengenezo, usilijaribu gari kwa kuzunguka Chumbageni na kulirudisha. Misi ya mzigo haitokei hapo. Liendeshe mpaka Muheza lipate moto sawasawa, kisha lipandishe njia ya Amani likiwa na watu ndani, gia ndogo, mafuta yamekanyagwa. Mwenye safari ya Lushoto atapata mlima mzuri zaidi kuanzia Mombo. Juu huko, injini ikiwa bado ya moto, chomeka mashine usome hata kodi ambazo hazijawasha taa. Kama hakuna kitu, tia soketi mkono mara moja zaidi uone hazichezi, na ukiteremka chomoa koili ya silenda ile iliyokuwa ikisumbua, uangalie kama ndani ya mpira pako pakavu.